Tundu la Ubavuni

Bunduki yangu haina risasi.
Ni ubao wa mninga, mpira wa tyubu ya baiskeli
na nondo ya milimita nane niliyoinoa usiku
kwenye kizingiti cha jiko la mama,
maana sheria imeikataza
na Bwana Samaki ana masikio.
Mchana hulala darini, imevikwa gunia
kama mgonjwa asiyetajwa jina.

Alfajiri ile, nje ya Yambe,
nilitaka chewa tu, au puju wawili wa kitoweo.
Maji yalikuwa na baridi nisiyoijua,
baridi iliyopanda kutoka pale mwamba unapokatika
na bahari kuwa wino.
Pumzi moja ni hesabu. Arobaini, kifua kinagonga.
Hamsini, masikio yanalia kengele.

Kwenye hamsini na tatu akaja.

Mviringo, kama sinia la biriani la watu wanane.
Mapezi mekundu, kucha za bi arusi siku ya pili.
Mabaka meupe mwili mzima,
kana kwamba manyunyu yalimkuta njiani
na hayajamkauka.
Hakusukumwa na mkia kama samaki wenzake:
alipiga mapezi, juu, chini, juu, chini,
akiruka mle ndani kama ndege mnene asiye na haraka.
Jicho lake kikombe cha kahawa,
na ndani ya kikombe mimi,
mdogo, kichwa chini.

Sitasema uongo hapa, nimekwisha kuusema kwingine:
sikusita.
Kidole kilivuta kabla moyo haujauliza.

Nilimkumbatia kumpandisha kwenye ngalawa,
Mhando akivuta kwa juu. Ndipo nilipojua.

Alikuwa na joto.

Miaka kumi na tisa nashika samaki,
wote baridi, hata wakiwa hai wanatapatapa,
baridi kama sarafu iliyookotwa mchangani.
Huyu damu yake ilinipita vidoleni
vuguvugu,
kama maji ya kumwogeshea mtoto.
Mhando akaniuliza, "Mbona umemwacha?"
Sikuwa nimemwacha. Nilikuwa nimeshindwa kumshika.

Mnadani Sahare, Sechonge alipanda juu ya kreti
akabaki mdomo wazi.
Mtu awezaye kuita changu, tasi, kolekole, songoro
kwa mkupuo mmoja, alikosa pa kuanzia.
"Nauza... jamani, nauza nini?"
Mmoja akasema ni jini. Mwingine akasema Pemba wapo tele.
Mpemba aliyekuwapo akakana kwa Mungu.
Bei haikupanda wala haikushuka;
kisicho na jina hakishikiki kwa bei.

Bwana Samaki akaja na daftari na futi kamba.
Akapima, akapiga picha kwa simu,
mikono ikimtetemeka kwa furaha, si kwa hasira.
"Huyu hajawahi kuandikwa hapa. Umemvua kwa nini?"
"Mshipi," nikasema.
Akatia kidole chake cha mwisho kwenye tundu la ubavuni.
Kikaingia chote.
Soko zima likakohoa.

Shangazi Mwanjaa, mikono imejaa unga wa kukaangia,
hakuinua hata uso:
"Kaumwa na mkunga huyo. Mbona wazi."

Bwana Samaki akamtazama. Akanitazama.
Akatazama viatu vyake kwa muda mrefu.
Akaandika.

Wamempeleka kwa wasomi, ndani ya boksi la barafu,
na karatasi imefungwa mkiani:
Tanga. Mshipi. Mkunga.
Maneno matatu, mawili ya uongo.
Jina lake wataniletea, walisema.
Hawajaleta.

Mpira bado una nguvu, nondo bado ina ncha,
nami bado nazamia; watoto hawali majuto.
Ila nikifika hamsini na tatu
hunyoosha mkono mtupu kule kwenye wino,
nikayagusa maji kwa nyuma ya kiganja,
kama mtu anayepima homa
ya mtoto wa jirani.