Mistari Mitatu

Fomu imenipa mistari mitatu:
*Eleza kilichotokea baada ya chanjo.*

Jina, Anaeli Kimambo. Umri, sitini na saba.
Kazi, mwalimu mstaafu. Pale pameachwa pembamba,
hapaingii jiografia,
hauingii mto Kongo alioupinda kwa chaki
miaka thelathini na mmoja, Old Moshi mpaka Kahe,
asiwahi kuutia machoni.

Sasa binti yake kajifungua Kinshasa.

Alikuja Jumanne, shati la pasi,
mkono wa kushoto umeshakunjwa.
"Nichome, nesi, nisirudishwe uwanjani."
Nikamuuliza, mayai yanakudhuru?
"Mayai hayana neno. Viza ndiyo inanitesa."
Tukacheka, mimi na yeye na mtu wa masjala.
Nikamwambia, aliyevuka sitini hupima kwanza,
homa ya kule na sindano ya hapa.
Akapima hapo hapo, kwa mabega.
Nikagonga muhuri kwenye kadi ya manjano.

Kovu sikuliuliza.
Lilikuwa vifungo vitatu chini ya kola,
limesimama wima katikati ya kifua:
tezi waliyoitoa KCMC
enzi zile kope zilipokuwa zikimwangukia
akiwa bado anafundisha.
Orodha ukutani inalitaja. Mstari wa sita.
Foleni ilifika mlangoni.

Ijumaa, homa. Mkewe akapika mtori, ukarudi wote.
Jumapili akanipigia, sauti ndogo:
"Nesi, macho yake yamekuwa rangi ya ile kadi."

Daktari alinieleza koridoni, taratibu,
kama mtu anayeshusha mzigo wa vyombo:
kirusi cha chanjo ni kizima, kimefugwa tu,
na kwa nadra, katika mwili uliokosa mlinzi,
hukumbuka porini.
Mmoja kati ya malaki, akasema.
Mwalimu angenyoosha fimbo:
huyo mmoja yuko wapi kwenye ramani?
Rau. Nyuma ya mashine ya kusaga. Geti la bluu.

Usiku nimeandika:
*Homa siku ya tatu.
Manjano siku ya tano.
Amefariki siku ya tisa.*
Imeenea. Hata nafasi ya nukta imebaki.

Aikande hakunilaumu. Alinishika mkono
msibani, akanipa chai, akaniuliza kama nimekula.
Ningependa angenilaumu.

Leo nimefungua friji. Nyuzi nne.
Madereva wawili wa malori wanakwenda Lubumbashi,
na kule homa yenyewe ipo,
nayo haihesabu watu kwa malaki.
Nitawachoma. Wa kwanza amekaa,
amekunja mkono, anatazama dirishani.
"Fungua shati," namwambia.
"Kwani sindano si ya mkono?"
"Ya mkono. Fungua."