Picha ya Dakika Nne

Mchana mimi ni mtu wa paspoti:
masikio yote mawili yaonekane,
meno yasionekane, pazia la buluu nyuma,
usitikisike.
Majengo, Dodoma, mlango wa tatu
ukitokea kwa muuza ndoo.

Jioni Ndahani huja na gunia.
Ni fundi wa mageti. Huwachomelea wenye nyumba mpya za Iyumbu
mikuki, maua ya nondo, simba mwenye uso wa paka,
na vipande vinavyokosa mteja
huvileta kwangu.

"Leo nina gurudumu lisilokwenda popote."
Ringi ya baiskeli, spoku nusu zimeng'oka.
Bati alilolitoboa kwa msumari, tundu kwa tundu,
hadi jirani akauliza kama anataka kukunia muhogo.
Vijiko vitatu.
Tukavitundika darini kwa waya wa breki.

Hakikuwa kitu, nami nikamwambia.
Akacheka. Akazima taa, akawasha tochi.

Ukuta ukaamka.
Ukuta wangu wa chokaa, wenye ufa uleule,
ukaanza kwenda.
Nikataka kusema ndege, nikataka kusema samaki,
akaniwekea kidole mdomoni:
usikipe jina, kitasimama.

Nikawasha kibatari upande wa pili.
Kila kijiko kikazaa vivuli viwili:
cha tochi rangi ya chai,
cha kibatari rangi ya mshipa mkononi,
na vilipopandana ndipo giza lilipokuwa giza.
Miaka kumi na tisa napiga picha.
Sikuwa najua kivuli kina rangi.

Marehemu mjomba aliniachia boksi la karatasi za picha,
muda wake ulikwisha nikiwa darasa la pili.
Tukazijaribu.
Ya kwanza ikatoka nyeusi kama sufuria ya msibani.
Ya pili nyeupe, nyeupe tu, kama aliyekataa kujibu.
Ya tatu ilijaa nukta: vumbi la Dodoma
lilikuwa limekaa juu ya karatasi kabla yetu,
likajipiga picha lenyewe.

Jumapili tukakitoa uani, kwenye upepo wa Julai.
Kopo la maziwa ya unga, tundu la sindano,
kipande cha utepe mweusi kikiwa kope.
Nikafunua.
Dakika nne kwa saa yake ya mkononi.
Ringi ilizunguka, ikasita, ikarudi kinyume;
Ndahani akapita mbele, akafukuza kuku,
akapita tena.

Chumbani, chini ya taa nyekundu, nikaisafisha.
Mambo yalikuwa yamepinduka: anga jeusi,
kivuli cheupe kimelala mchangani.
Mhimili ulisimama, mkali, hata kutu yake.
Vijiko vilikuwa moshi.
"Mimi niko wapi?"
Hakuwapo.
"Nilipita mara saba!"
Mara saba, na karatasi haikumwona hata mara moja.
Lakini upepo ulikuwapo, mviringo, 
mtu angeweza kuuwekea kidole.

Chilewa, mtoto wa muuza ndoo, akaishika kwa ncha.
"Hii picha ya nini?"
"Ya dakika nne."
"Zote?"
"Zote kwa pamoja."
Akaitazama sana, akaigeuza juu chini.
"Ya kwanza iko wapi?"

Oktoba kodi ya karakana ikadaiwa.
Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja na mizani yake:
kilo kumi na moja na nusu, na vijiko humo humo.
Jua lilikuwa limeinama; kivuli kiliangukia nje ya sahani,
na Ndahani akasimama akakikanyaga kidogo,
kwa ukingo wa kandambili,
mpaka gari likaondoka nacho.

Usitikisike, nasema bado, kila siku.
Jana mama mmoja wa Hombolo alileta kichanga,
anahitaji paspoti, sijui waendako.
Mtoto akageuza shingo nikiwa nabonyeza.
Nilirudia, ya pili ikakubalika, akalipa.
Ile ya kwanza, yenye nyuso mbili na jicho moja refu,
ninayo.