Alama ya Kamba

Mwalimu Temu kamleta kwa kumvuta sikio:
"Huyu Elisaria, Afisa, majina hayajaisha kuitwa
keshalala."

Ofisi yangu ilikuwa stoo ya majembe,
hapa Pasua, nyuma ya jiko la uji.
Sikumuuliza kitu. Nilimpa penseli anichongee.
Mkono ulipochomoza kwenye sweta
nikaona mchirizi mwekundu umezunguka kifundo.
Moyo ukanipasuka. Fomu za ukatili
zimo droo ya pili.

"Nani kakufunga?"
"Mimi mwenyewe." Akapuliza vumbi la penseli.
"Bibi huamka usiku, anasema anarudi kwao Kibosho.
Ncha moja mkononi kwangu, nyingine mguuni kwake.
Akienda, naenda."

Fomu haina kisanduku cha hilo.

Jumamosi nilikwenda na fundi wa komeo
na kengele ya mbuzi
niliyoinunua Kiboriloni kwa kubembeleza bei.
Mama Ndeshi, jirani, akasema usingizi wake mwepesi,
kengele ikilia atasikia yeye kwanza.
Bibi aliitikisa, akacheka, akaniuliza
kama migomba yake nimeimwagilia.
Nikasema ndiyo. Mungu anisamehe.

Leo Mwalimu Temu karudi, kakunja uso:
"Afisa, yule mtoto wako sasa anapiga soga,
darasa zima halisikii hesabu."

Nimemwambia pole.
Nimefunga mlango, nimecheka peke yangu
katikati ya harufu ya majembe,
kisha nikaandika daftarini: mchirizi bado upo.
Nimtazame tena Ijumaa.