Sufuri Nayo ni Habari

Alhamisi, saa tisa na nusu, kengele ikishalia,
shule nzima hutawanyika kama gunia la kunazi lililopasuka:
Skauti uwanjani, wakifunga na kufungua fundo lile lile,
Mdahalo ukumbini — "Mheshimiwa Spika, napinga!" —
Maigizo nyuma ya maktaba, wakifa mmoja mmoja
na kufufuka, kwa kuwa Salha kasahau maneno yake,
Msalaba Mwekundu wakimviringisha mvulana mzima bendeji
mpaka yabaki macho na kicheko.

Sisi wa Hali ya Hewa tulikuwa wanne.
Wanne pamoja na Zubeda, aliyekosa nafasi Kuogelea
akaja kwetu, asema, kungoja maji ya juu.

Mali yetu: kisanduku cheupe chenye mbavu,
kipimajoto kimoja kizima na kimoja cha kuonyesha wageni,
kipimamvua cha shaba kilichokwisha pigwa mpira mara mbili,
na daftari jeusi lililoanza kabla sijazaliwa,
lenye miandiko ya watu ambao leo ni makarani bandarini,
ni mama za watu,
na mmoja marehemu: saba zake bado zina mkia.

Mimi nilikuwa katibu.
Mwalimu Mwakio alinipa kalamu
kama mtu anayekabidhi funguo za nyumba.
"Saa tatu asubuhi, kila siku. Pasiponyesha
andika sufuri. Sufuri nayo ni habari."

Kisha ikaja mvua ya mwaka,
na katikati yake likizo ya siku nne.
Toka kwetu Mikindani hadi shule Tudor si mbali
kwa mtu aliyekwisha amka.
Nililala. Nikaisikiliza mvua juu ya bati,
nikaipima kwa sikio, nikavuta shuka.

Jumanne, kabla ya gwaride, nilijaza nafasi zote nne.
Ijumaa, kumi na moja nukta nne.
Jumamosi, ile iliyotaka kung'oa bati letu, thelathini na mbili nukta sita.
Nukta sikuzisahau:
uongo wenye nukta huonekana umepimwa.
Nikaenda kumwaga maji ya siku nne.
Kipimamvua kilikuwa kitupu. Kikavu.
Nikadhani kinavuja, nikashukuru.

Zubeda akachora grafu kwa Siku ya Vyama,
buluu juu ya manila, na Jumamosi yangu
ikasimama katikati kama mnara.
Tukaisifu. Hata Maigizo walikuja kuitazama.

Mbodze hakusifu.
Huyu ni Mbodze wa Likoni, asiyenena mikutanoni,
ambaye jina lake nililiandika kwa herufi mbaya muhula mzima.
Alinipa kipande cha mfuko wa unga,
nambari nne kwa penseli.
"Sikukuona," akasema, "nikavuka mimi. Bawabu alinifungulia."
Kidole chake kikatua kwenye ya pili.
"Jumamosi hapa haikunyesha."

Siku nne, kwenda na kurudi, kivukoni,
kwenda kutazama mrija.

Katika daftari lile hakuna kufuta.
Unakata mstari mmoja, la zamani lisomeke,
unaandika jipya pembeni, unatia sahihi.
Nilikata mara nne. Nilitia sahihi mara nne.
Mwalimu Mwakio aliutazama ukurasa kwa muda mrefu,
kisha akauliza kama ufunguo wa kisanduku ninao.
Nikampa. Hakuniambia wende kwa nani,
na sote tulijua.

Zubeda ndiye aliyenitukana kwa niaba ya shule.
"Weye wajua nimekesha na rangi hii?"
Manila nyingine hapakuwa. Akachukua wembe,
akaukata mnara wangu kuanzia kileleni hadi chini,
na kando akasahihisha alivyoweza.

Siku ya Vyama wazazi walipita,
wakasimama mbele ya grafu yenye tundu,
na nyuma ya tundu ukuta wa darasa, chokaa imebanduka.
Mama mmoja akaingiza kidole: "Na hapa je, panya?"

Mimi nilitazama viatu vyangu.
Mbodze, ambaye hanenagi, akajibu:
"Hapo, mama, haikunyesha."