Kibodi Isiyo na Ñ

Soli elfu moja na mia nane
nimezishonea ndani ya bitana ya koti,
mshono wa kurudia mara mbili,
maana vidole vya Lima vinajua kusoma mifuko.

Ni Julai. Ukungu umekaa juu ya barabara ya Wilson
kama shuka lisilokamuliwa.
Mlangoni mwa kila jengo kijana ananiita mrembo, malkia, mama,
ingia, kompyuta, wino, matengenezo, ingia.
Kizuri chajiuza, husemwa.
Basi huku kuna vibaya vingi mno,
au kodi ya pango imepanda.

Ghorofa ya chini wananionyesha laptopu nyembamba kama kaki,
rangi ya waridi, taa zikicheza chini ya herufi.
Nauliza kumbukumbu ni gigabaiti ngapi.
"Inafungua filamu vizuri sana, dada."
Nauliza tena.
"Nne," kwa sauti ya mtu anayekiri deni.
Inaongezeka? Haiongezeki, imegandishwa humo humo.
Nimeshona suruali miaka kumi na mmoja pale Gamarra;
naijua nguo isiyoachiwa upindo.
Mtoto akirefuka, inakuwa tambara.

Wala si kwamba najua mengi.
Niko mwezi wa saba wa darasa la usiku,
naandika programu kwa kompyuta ya kuazima
ya binamu yangu Eustaquio:
ukifungua kurasa tatu, feni inalia
kama cherehani iliyokosa mafuta.
Mwalimu Yesenia alituambia,
msinunue sura, nunueni mikono na mgongo.
Mikono ni kibodi. Mgongo ni prosesa na kumbukumbu.
Skrini, angalau isikuchome macho usiku wa manane.
Betri hakuitaja. Kwake umeme haukatiki.

Ghorofa ya tatu, kibanda cha mwisho, karibu na choo,
Don Leoncio hapazi sauti.
Anatafuna mahindi ya kukaanga
na kupuliza vumbi kwenye mashine iliyopasuliwa tumbo.
Nyeusi, nzito, ilitumika katika ofisi fulani ya mbali,
kona moja imechubuka.
Gigabaiti kumi na sita. Skurubu za kawaida.
Elfu moja mia saba na hamsini.
"Naweza kuona ndani?"
Ananitazama, kisha ananipa bisibisi.

Niliogopa kuuziwa mbuzi kwenye gunia;
huyu kanikabidhi gunia, na kisu juu.

Nafungua na kufunga mara ishirini. Bawaba hazilalamiki.
Naandika mistari sita ya msimbo,
ile ya kuhesabu vifungo vya suruali mia nne,
na jibu linatoka kabla sijainua kidole.
Kisha, kwa mazoea, naandika jina la mama,
na kidole kinaangukia nukta mkato.
Hakuna Ñ.
Mashine imetoka nchi isiyoihitaji.

Mama ni wa ukoo wa Ñahui.
Kwa Kikechua, jicho.
"Msimbo hauna haja na Ñ," anasema Don Leoncio.
"Mimi ninayo. Punguza mia mbili."
"Kwa herufi moja?"
"Kwa jicho la mama yangu."
Anacheka hadi mahindi yanamwagika.
Anapunguza mia na ishirini,
anaongeza chaja ya pili, yenye waya uliofungwa gundi.

Sasa anaandika risiti: Hermelinda Cama.
C mbili, namwambia.
Anasema ni risiti tu.
Lakini mimi nimewahi kukesha hadi saa nane
nikisaka herufi moja iliyodondoka,
programu nzima imelala chini kama punda aliyegoma.
"C mbili, Don Leoncio."
Anachana. Anaandika upya: Ccama.

Nje, ukungu haujasogea.
Nimeikumbatia kilo mbili na nusu chini ya koti,
bitana imefumuka, uzi unaning'inia hadi gotini.
Nitaushona Jumapili.
Labda.