Jino la Vitongoji

Jumapili, bamvua, maji yamekupwa mpaka kwenye mwamba,
natembea Vitongoji viatu mkononi,
siku yangu moja isiyonuka spiriti.
Chini ya jabali, pale mawimbi yalipoula ukingo usiku,
pembetatu nyeusi imejishikiza kwenye jiwe.
Kigae cha chungu, nikasema.
Kisha nikasema: la.

Mimi ni mtu wa meno.
Miaka kumi na tisa hospitali ya Chake
namshikia daktari taa, beseni na kidevu cha mgonjwa,
na siku daktari hayupo nashika koleo mwenyewe.
Jino nalijua hata likinipa mgongo.
Hili lina taji, lina mzizi uliotanuka,
na kingo zake, nilipopitisha ukucha,
zilikwaruza kama kisu cha mkate.
Refu kuliko kidole changu cha shahada.

Nyumbani nikalisugua kwa mswaki mkuukuu.
Nikakamua ndimu juu ya jiwe lililoling'ang'ania:
jiwe likatoa povu, likachemka, likalalamika.
Nikakamua juu ya jino.
Kimya.
Basi wewe si chokaa, nikaliambia. U mtu mwingine.

Faki Ngwali, muuza samaki, aliligeuza mara mbili,
akaupanua mdomo wa papa aliyelala mezani pake,
akaliweka jeusi kando ya yale meupe.
Sura ile ile. Msumeno ule ule.
Ila la papa wake lilikuwa kama punje ya hindi.
"Huyu wako," akasema, "angemmeza huyu wangu,
na meza, na mizani, na mimi,
na lile deni lako la wiki iliyopita."
Bi Mize, aliyekuja kununua vichwa vya changu,
hakutaka hata kuligusa. Rudisha, mwanangu,
vya watu havichezewi.

Mwalimu Shaame wa baiolojia alinipa neno: kisukuku.
Binti yangu akacheka, mama kaokota kuku.
Mwalimu hakucheka. Alisema kitu hulala topeni,
na madini yakakiingia, punje kwa punje,
kama mpangaji anayehamia mwenye nyumba angalimo,
mpaka siku moja mwenyewe hayumo
na nyumba ni ile ile.
Miaka mingapi?
Akahesabu mamilioni kwa vidole, vikamwishia,
akatia mikono mfukoni.

Mlangoni akageuka: papa hang'olewi.
Huangusha, likaota jingine, umri wake wote.

Hapo nikakaa kitako.
Sisi tulirusha meno juu ya paa la makuti
tukaomba mapya, tukapewa mara moja tu.
Huyu alipewa mara ngapi?
Na hili alilirusha juu ya paa la nani?

Usiku nilifungua kopo la panadoli.
Ndani, kwenye pamba, gego la mwisho la baba,
nililolitoa mimi, mwaka aliokufa.
Meno ya bandia aliyakataa.
Jino la pembe si dawa ya pengo, akisema,
na pengo lenyewe akilichekea watu,
wazi, bila haya, kama mlango wa duka asubuhi.

Nikayalaza mawili kwenye kitambaa cha kijani,
nikavuta taa, nikayapitishia kioo kidogo.
La baba: limetoboka ubavuni, kahawa na halua;
mizizi miwili, mmoja umevunjika, kosa langu.
La papa: halina tundu hata moja.
Nikajaza kadi kwa mwandiko wa kazini.
Jina: halijulikani.
Umri: muulize mwalimu.
Anakotoka: Vitongoji, chini ya jabali.
Tiba:
nikapaacha.

Jumatatu, mtoto wa kwanza alipofungua mdomo
nilisahau koleo, nikatazama tu,
mpaka akauliza, vidole vyangu vimo kinywani mwake,
kuna nini humo?