Vishimo Vinne Zuliani

Jumapili, saa nne usiku, Rimouski.
Theluji imepanda hadi kizingiti cha dirisha
nami nimepiga magoti katikati ya iliyokuwa sebule yangu,
nahesabu mabehewa.
Treni ina matano. Manne ninayo.
La tano limemezwa na tundu la joto sakafuni,
usiku nalisikia likigongagonga humo.

Matofali ya mbao, rafu ya chini:
yakianguka, yaangukie kimo cha goti.
Shanga juu kabisa, jirani na dari,
maana Maëlle ana miezi tisa
na kwake dunia nzima ni chakula.
Wanyama, beseni la bluu.
Gundi na mkasi, kabati lenye komeo.
Na kona ya kelele iwe mbali na kona ya usingizi.
Hilo lilinichukua miaka mitatu kulijua.

Hawajui kusoma, basi nimewachorea.
Kila sanduku lina picha kifuani:
mpira, gari, ng'ombe.
(Ng'ombe wangu anafanana na sofa.
Loïc aliniambia hivyo, bila haya wala huruma.)

Mkaguzi alikuja Novemba na futi yake ya chuma.
Akapima, akaandika, akapima tena.
"Watoto sita, Bi Thériault, na samani hizi?"
Alisema samani, lakini alitazama moja:
kiti cha Réjean, ngozi ya kahawia,
kilichokalia nafasi ya watoto wawili
na ambacho kwa miezi kumi na minne
hakikukaliwa na mtu.

Shemeji akaleta lori. Kiti kikagoma mlangoni.
Tukakilaza ubavu, tukakipindua, tukakisukuma kwa magoti,
kikatoka kama kilivyoingia mwaka ule,
kwa matusi.

Vikabaki vishimo vinne kwenye zulia.
Nikavipiga brashi.
Nikaweka vipande vya barafu vilale humo hadi asubuhi,
kama alivyonishauri mama wa ghorofa ya juu.
Zulia likalowa, vishimo vikabaki.
Nikasema sawa, nitavifunika:
kapu la vitabu hapa, mito pale,
nani atajua.

Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi.
Jozi sita za buti zinalia maji mlangoni.
Kabla sijainua kapu,
Loïc amelala kifudifudi, jicho moja amelifumba,
anarudisha nyuma gari dogo jekundu,
polepole, akipiga honi kwa midomo,
mpaka magurudumu yakazama kishimoni.
Likaenea kama lilipimiwa.
"Gereji," akasema.
Océanne akaleta ambulansi.
Pacha wa Bouchard wakaleta basi na lori la taka.
Tingatinga likakosa mahali,
kukawa na kilio, kukawa na kung'atana kidogo,
kukawa na zamu.

Tangu siku ile magari hayarudi sandukuni.
Saa kumi na nusu nikipiga kengele ya kupanga,
kila kitu hushika njia ya kwake:
ng'ombe kwenye beseni, mpira kwenye wavu,
na magari gereji, pua nje, tayari kwa kesho.
Nilijaribu kuwakumbusha.
Wakanitazama kama ninayeongea usingizini.
Mcheza kwao hutunzwa; na hapa ni kwao
hadi saa kumi na moja, mama zao wakifika
na baridi imewashika mabegani.

Sanduku la magari lilikaa tupu wiki nzima,
na lile gari kifuani ndilo mchoro wangu bora.
Usiku huu nimelifuta kwa kitambaa chenye siki,
nikachora mkono.
Ndani nimetia glavu zisizo na wenzake:
kumi na moja. Ya kijani ni kubwa,
si ya mtoto yeyote.
Nimeiweka chini kabisa,
kisha nikaitoa, nikaiweka juu.

Nazima taa.
Natembea pembenipembeni mwa zulia,
nisije nikakanyaga gereji.